Fuko Katika Kihamba cha Mama

Mgomba wa kwanza ulianguka usiku wa mvua, mwezi wa nne, mama akadhani ni upepo. Wa pili ulianguka mchana kweupe, hata jani halitikisiki. Akausogelea akautazama. Mkungu wa mshare ulikuwa umebakiza wiki chache tu ukomae, na kwenye shina hapakuwa na mizizi ya kushika ardhi. Chini kote kulikuwa kumetafunwa, kumechongeka kama kwa patasi. Akanipigia simu Dar es Salaam.

"Baba," aliniambia, kwa sauti ya mtu asiyetaka kusumbua, "kuna fuko."

Nilikuwa kazini. Nikamtumia hela kwa simu muda uleule, nikamwambia atafute kijana anunue dawa sokoni. Jioni nikampigia kuuliza kama imefika. "Hela imefika," akasema. "Fuko naye yupo." Nilicheka, nikaona mama ana maneno. Miezi miwili baadaye ndipo nilipoelewa alichokuwa akiniambia.

Kihamba chetu kiko Marangu, upande wa kushoto wa njia ukipanda mlima. Kwa asiyezijua bustani hizi za Kilimanjaro, kihamba si shamba unalokwenda na kurudi. Ni nyumba yenyewe na vyote vinavyoizunguka. Migomba juu, kahawa chini ya migomba, magimbi chini ya kahawa, miti mikubwa ya kivuli hapa na pale, na mfongo unaoleta maji kutoka juu, uliochimbwa na watu ambao majina yao tunayataja kwenye matambiko tu. Wazee wetu wamezikwa humo humo. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliingiza vihamba vya Shimbwe Juu, si mbali sana na kwetu, katika orodha ya urithi wa kilimo wa dunia. Kwa mila yetu mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayebaki na boma la baba yake. Mtoto huyo ni mimi, na nilikuwa nafika mara moja kwa mwaka, Desemba, pamoja na basi zima la watu kama mimi.

Kijana alinunua dawa. Ilikuja kwenye kipakiti kisicho na lebo: unga wa kijivu ukielekea weusi, unaonuka kama kitunguu saumu kilichooza. Akaupaka kwenye vipande vya viazi vitamu, akavitumbukiza kwenye mashimo, akalipwa akaenda. Asubuhi ya pili yake mbwa wa jirani alifukua shimo moja, kama mbwa wafanyavyo, akala kiazi. Alikufa kabla ya saa sita mchana, akitoa povu, kando ya mfongo. Mbwa yule ndiye aliyekuwa akiwasindikiza watoto wa jirani hadi barabarani kila asubuhi wakienda shule.

Mama alijifunga khanga akaenda kuomba radhi. Alikwenda peke yake, na miaka yake sabini na minane, kwa kosa lililofanywa na hela yangu.

Afisa ugani nilipomweleza rangi na harufu ya unga ule alisema bila kusita kuwa ni zinki fosfaidi. Ikikutana na asidi ya tumboni hutoa gesi ya fosfini, na gesi hiyo haichagui tumbo la fuko, la mbwa wala la mtoto. Sumu ya namna hii haifai kushikwa na mtu asiyefunzwa, na kuiuza kwenye kipakiti kitupu sokoni ni kucheza na roho za watu. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu niliyeinunua ni mimi.

Mwezi wa sita nikaomba likizo. Jambo la kwanza nilikwenda kwa jirani na zawadi ya mkono na maneno machache. Jambo la pili nilikwenda kwa mzee mmoja wa ukoo wetu ambaye tangu nikiwa mdogo alijulikana kwa mitego.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kukaa siku ngapi?"

"Tano."

"Tano ni za kumtazama tu," akasema. "Hapo bado hujamtega."

Na kweli siku ya kwanza hatukufanya lolote ila kukanyaga. Tulizunguka kihamba chote tukisawazisha kila kifusi cha udongo kwa miguu, kumi na viwili kwa hesabu yetu, kisha tukaenda zetu kunywa chai. Kesho yake vilikuwa vimeinuka vitatu tu. Udongo wake ulikuwa mweusi, mbichi, bado una unyevu wa chini. Hapo mzee akaanza kuzungumza. Fuko huishi peke yake. Kila mmoja ana njia zake, na wakikutana wawili hupigana. Kwa hiyo vifusi kumi na viwili si fuko kumi na wawili. Kwetu walikuwa watatu. Miezi yote ile mama alikuwa haijui hesabu hiyo, nami nilikuwa nimenunua sumu ya kuua kijiji.

Watu wengi husema fuko ni kipofu. Wa kwetu ana macho, madogo kama punje za ulezi, lakini anayo. Wala si yule wa Ulaya anayechimba akitafuta minyoo na wadudu. Huyu wetu ni jamaa ya panya. Anakula mizizi, viazi na magimbi, na nyingine anazikusanya ndani kama akiba. Anachimba kwa meno, na meno yenyewe hayaachi kukua maisha yake yote, ndiyo maana hachoki kutafuna. Mzee alisema pia kwamba hupenda kufanya kazi mchana, kuanzia kama saa nne. Hilo lilinigusa. Saa nne asubuhi ndiyo saa ambayo mtu wa mjini hayupo kabisa.

Mtego wake nitaueleza, kwa sababu siku hizi vijana wanaoujua ni wachache. Alitafuta njia kuu ya fuko kwa kuchoma ardhi na kijiti hadi kikazama ghafla, karibu kina cha kiganja na nusu. Akafungua tundu dogo kwa panga, akalisafisha kwa vidole kama mtu anayemwosha mtoto masikio. Akakata ufito mbichi, akausimika ardhini hatua moja kutoka hapo. Ncha ya ufito akaifunga tanzi la waya laini, akalishusha tanzi hadi likakaa ndani ya njia, mviringo wake ukigusa kuta bila kuzidi. Kisha akaupinda ufito hadi ukajikunja, akauzuia kwa kamba nyembamba ya mgomba iliyokatiza katikati ya njia. Hakuna chambo. Fuko hapendi mwanga wala upepo ndani ya nyumba yake; akiona tundu huja kuliziba. Akikuta kamba imemkingia njia ataikata, kwa kuwa kila kinachomkingia hukikata. Hapo ufito unaruka.

Mtego wangu ulikuwa wa tatu kutegwa, na uliruka bure mara mbili. Mara ya kwanza vidole vyangu vilikuwa vinanuka sabuni, mzee alisema. Mara ya pili nilikuwa nimetembea juu ya njia, na fuko anasikia hatua kwa mwili mzima. Siku ya tano ikapita. Nikapiga simu kazini nikaomba wiki moja zaidi.

Tulimpata wa kwanza siku ya saba, saa tano kasoro. Alikuwa mkubwa kuliko nilivyofikiri, mzito mkononi, manyoya yake laini yana rangi ya kahawia inayong'aa kidogo kwenye jua. Nilimtazama mdomo kwa muda mrefu. Midomo inafumba nyuma ya meno ya mbele, hivyo meno yanabaki nje na mdomo ukiwa umefungwa. Anaweza kutafuna udongo siku nzima bila kumeza hata chembe. Kiumbe kilichoumbwa kwa uangalifu namna hiyo hakimfurahishi mtu kukiua. Tulimuua hata hivyo, kwa pigo moja, kwa sababu mgomba wa mama ni chakula cha mama. Sioni aibu juu ya hilo. Aibu yangu iko kwenye kipakiti.

Hapo nilimfikiria panya buku, ambaye naye anachimba na kuiba mazao. Pale Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO humfundisha kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa Tanzania, akafanya kazi Kambodia, na mwaka 2020 akapewa medali ya dhahabu na shirika la hisani la Uingereza. Wapo waliokaa karibu na mnyama huyo mpaka wakajua anachoweza kufanya na pua yake.

Mzee alinionyesha mengine kwa kidole tu tukiwa njiani. Shakivale akizunguka juu ya bonde: "Yule ananisaidia kazi." Bundi kwenye mti wa zamani nyuma ya nyumba, ambaye wajukuu walitaka kumpiga mawe kwa kuogopa nuksi, naye akawakataza. Ndege hawa hula fuko na panya, na fuko aliyedhoofishwa kwa sumu ndiye mwepesi kukamatwa. Akatupatia pia mbegu za utupa tupande pembeni. Wengi hapa huamini fuko hukimbia mizizi yake. Wavuvi wa zamani waliutumia kulewesha samaki, kwa hiyo alituonya tusitupe majani yake kwenye mfongo. Mama amezipanda upande wa juu.

Wa pili tulimpata. Wa tatu hatukumpata hadi naondoka.

Sasa kila siku saa nne mama hutoka na mkongojo wake, anazunguka akisawazisha vifusi, kisha ananipigia. Zamani simu zetu zilikuwa za mahitaji: dawa, mbolea, ada ya mjukuu. Siku hizi ananieleza kihamba. Gimbi gani limechipua, mfongo umepungua wapi, nani kapita njiani. Wiki iliyopita mtego aliotega mwenyewe uliruka bure, akanieleza kwa dakika kumi jinsi kamba ilivyokatika na tanzi lilivyokuwa juu mno, nami niliacha kazi iliyokuwa mbele yangu nikasikiliza.

Jana aliniambia kuna kifusi kipya, kibichi kabisa, hatua mbili kutoka kwenye kaburi la baba. Hajakikanyaga. Nimekata tiketi ya basi la Ijumaa.