Chura Katika Beseni

Wakati wa mvua watoto hupenda kukamata chura na kumtia katika beseni au sanduku. Wako wanaomtesa, hao hatuwazungumzii hapa, maana kosa lao ni wazi. Tunanena juu ya mtoto mwema. Tuseme ni mtoto wa Kipese, ampendaye chura wake, amleteaye ugali, amfunikaye kwa kitambaa usiku asipatwe na baridi ya milima. Baada ya siku chache chura amekufa. Je, mtoto huyu ametenda wema au ubaya?

Pengine msomaji atacheka: katika nchi yenye wakimbizi na yatima wengi hivi, nani ana nafasi ya kufikiri habari za chura? Kicheko hicho tusikidharau. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yafundisha mambo mawili katika fungu la 2418: kwamba kuwatesa au kuwaua wanyama bila haja ni kinyume cha heshima ya mwanadamu, tena kwamba haifai kuwatumilia fedha ambazo zapasa kwanza kuondoa taabu za watu. Wengi hushika neno moja wakaliacha la pili. Lakini kumtunza chura hakutaki faranga hata moja. Kwataka kumjua.

Chura hanywi kwa kinywa. Hulaza tumbo penye unyevu, na ngozi yake hufyonza maji. Kwa ngozi iyo hiyo huvuta pia sehemu ya hewa yake. Kwa hiyo beseni kavu ni jangwa kwake, hata ukimwekea kikombe kirefu kilichojaa maji. Na ukijaza beseni lote, chura wa nchi kavu, yule mwenye ngozi ya vipele, aweza kuzama akikosa mahali pa kupandia. Mkono wenye sabuni au chumvi humdhuru. Ugali hautambui kuwa ni chakula, maana yeye hukamata kilicho hai na kinachotembea. Mchana hutafuta giza, usiku hutoka kuwinda.

Basi mtoto yule alitoa vile avipendavyo yeye mwenyewe: ugali, joto, kushikwa mkononi. Upendo wake ulikuwa wa kweli, ila haukumwuliza mwenziwe, “Wewe u nani, nawe wahitaji nini?” Hatumhesabii hatia, kwa kuwa hakujua. Lakini mtu aliyekwisha kuambiwa hana tena udhuru huo. Kabla hajakamatwa, chura alijitafutia kivuli, maji na wadudu. Mtu akimwondolea uwezo huo, amejitwika deni la kumpa vyote vitatu, wala hawezi kulilipa kwa kitu kingine.

Hata wataalamu wamelifahamu neno hili kwa shida. Katika milima ya Udzungwa, nchini Tanzania, maporomoko ya mto Kihansi yalirusha manyunyu mchana na usiku, na katika manyunyu hayo aliishi chura mdogo wa rangi ya dhahabu, mwenye urefu usiozidi sentimeta 3, azaaye watoto hai badala ya kutaga mayai. Aligunduliwa mwaka 1996. Miaka michache baadaye sehemu kubwa ya maji iligeuzwa iendeshe mitambo ya umeme, na manyunyu yakapungua. Umeme ule ulikuwa haja ya kweli ya watu, wala sisi hatuulaumu. Mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani watunzwe huko. Huko walikuwako madaktari, taa na vioo. Hata hivyo wengi walikufa, ikafika wakati wakabaki kama 70 tu. Watunzaji walipokwisha kujifunza mwanga, chakula na unyevu uwafaao, ndipo vyura walipoongezeka. Lakini kule bondeni walitoweka, maana ugonjwa wa kuvu wa ngozi nao ulionekana huko, na mwaka 2009 ilitangazwa kwamba porini wamekwisha. Mwaka 2012 wengine walirudishwa. Walikuta mabomba yaliyofungwa na watu ili kunyunyiza maji mahali pa manyunyu ya zamani. Fikiri kazi hiyo: kutengeneza kwa mabomba kitu ambacho mto ulikitoa bure!

Deni la mtoto wa Kipese ni dogo kuliko hilo, lakini ni la namna ile ile. Anayetaka kumweka chura siku chache amtafutie sanduku pana, alitie udongo laini wenye unyevu, wa kutosha kujifukia, na majani makavu juu. Kigae cha chungu kiwe pango lake. Sahani ya maji ya chemchemi iwe ya kina kidogo, ibadilishwe kila siku. Sanduku likae kivulini, na kifuniko kiwe na matundu. Panzi na nyungunyungu wasitoke katika shamba lililopigwa dawa. Amshike mara chache, kwa mikono iliyooshwa kwa maji matupu, kisha anawe vizuri, kwa sababu nyuma ya macho ya chura mna tezi zenye sumu.

Nionavyo mimi, iko njia bora: kulaza chungu kilichovunjika bustanini, penye kivuli, na sahani ya maji kando yake. Chura atakuja akipenda, atakula wadudu wa mboga, ataondoka akipenda. Neno hili ni gumu kwa mtoto, kwa kuwa hatasema tena, “Chura wangu.” Watu wazima nao hulemewa na neno kama hilo katika mambo makubwa zaidi.

Naye aliyekwisha kumfungia chura, amrudishe palepale alipomtoa, si katika bonde jingine, maana magonjwa ya ngozi husafiri pamoja na vyura. Amrudishe jioni, udongo ungali na maji ya mvua.