Njaa ya Kiumbe wa Nambari

Mtu aandikaye tabia za kiumbe wa mchezo kwa lugha ya Python huanza na jambo dogo. Hutaja neno njaa, akalipa thamani ya 0. Kisha huamuru: kila sekunde ipitapo, njaa na iongezeke kwa 1; ikizidi 50, kiumbe akitafute chakula kilicho karibu; ikifika 100, na afe. Mistari michache tu, na kwenye kioo cha kompyuta kuna kitone kinachohangaika huku na huko mpaka kilifikie tunda, kitulie. Atazamaye husema bila ya kufikiri: "Maskini, alikuwa na njaa." Hapo ndipo swali la maadili lizaliwapo. Je, mwandishi yule ana deni lolote kwa kiumbe wake?

Jibu la haraka ni kwamba hana. Neno njaa na lifutwe kila lilipo, liwekwe chungwa, au herufi moja tu. Programu itakwenda vilevile. Maana ya njaa haikuwamo katika nambari, ilikuwamo katika jina. Na jina lilitoka kwa mwandishi, kama mshairi auitapo moyo jahazi. Ni istiara. Paka wa barazani hayumo katika hali hiyo. Njaa yake iliutangulia msamiati wetu. Tuiite tuitakavyo, au tusiiite kabisa, yeye atalia.

Hata hivyo, hoja hiyo si nyepesi kwa kila kiumbe. Mwaka 1996 ulitoka Uingereza mchezo wa kompyuta uitwao Creatures, uliobuniwa na Steve Grand. Viumbe wake, wanaoitwa Norn, hawakuandikiwa tabia mojamoja. Waliandikiwa ubongo wa nyuroni zipatazo 1,000 na miunganiko ipatayo 5,000, kemikali za mwilini, na jeni za kurithishana. Norn huanguliwa katika yai, hufundishwa maneno, hutekenywa atendapo vyema na hupigwa kofi akoseapo, naye hujifunza. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo, hata akiwa mwana wa nambari. Yaitwe maumivu yake chungwa, bado atakikwepa kilichomtia katika chungwa hilo. Basi kuna jambo hapa lisilotegemea jina. Kama ni maumivu yenyewe au ni kivuli chake, kukikodolea macho kioo hakutoi jibu.

Wachezaji wa mchezo huo waligawanyika. Wako waliowauguza Norn wagonjwa, na wako waliowatesa kwa kusudi, ugomvi ukazuka baina yao. Watesaji walijitetea kwamba hakuna aliyeumia. Utetezi huo una nguvu, ila unajibu swali moja kati ya mawili. Swali la pili linauhusu mkono utesao. Immanuel Kant alifundisha kwamba amtendeaye mnyama ukatili huwa mgumu hata kwa wanadamu wenzake. Mazoea yana taabu: mkono haujui sana kutofautisha kofi la kioo na kofi la nyama.

Iko pia hatari ya upande wa pili, nayo husahauliwa. Mwaka 1637 René Descartes aliwafananisha wanyama na mitambo. Anayeshinda akiiona njaa ikipanda kutoka 0 hadi 100 aweza kufika pale pale: kuiona njaa ya paka, na baadaye ya mtu, kuwa nayo ni hesabu tu. Watu wa pwani wamelelewa na hadithi ya Mtume kuhusu mwanamke aliyemfungia paka, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie, akastahili Moto. Mwanamke yule hakukosa kujua hesabu. Alikosa kusikia kilio.

Kwa hiyo mwandishi wa kiumbe ana wajibu wa aina mbili. Asitumie kilio cha kubuni ili kumnasa mtoto mchezaji, kwani huko ni kuchezea huruma ya mtu. Wala asiache neno lake lichakae mpaka lisimshtue tena alisikiapo mlangoni. Aliyeandika njaa katika programu aliliazima neno hilo kwa wenye njaa. Deni analo, ila mdai wake hayumo kwenye kioo.