Bibi wa Ungo



Watoto wetu wa Tandika na Mwananyamala siku hizi wanamjua mchawi wa Japani. Wanamtazama katika simu: msichana mwenye gauni jeusi, amekaa juu ya fagio pamoja na paka wake. Huyo ni Kiki, katika filamu ya katuni ya Hayao Miyazaki ya mwaka 1989, na kazi yake ni kupeleka vifurushi vya watu. Lakini tukiwauliza watoto hao mchawi wa kwetu yukoje, wanajibu upesi: ni bibi kizee, yu uchi, amepanda ungo.

Jibu hilo yafaa tulitazame. Fagio na ungo vyote ni vyombo vya mwanamke nyumbani. Wazungu walimpa mchawi wao fagio, sisi tukampa ungo. Na ungo kwetu si chombo hivi hivi. Msichana akibaleghe twasema amevunja ungo. Basi amwekaye mchawi juu ya ungo amekwisha kusema, pasipo kutaja jina, kwamba hatari imo jikoni, tena kwa mwanamke aliyezeeka akabaki peke yake. Wenzake wamelala, yeye anatembea. Wenzake wamevaa, yeye amevua. Na chombo cha kupepetea mchele wa watoto ndicho kimchukuacho kwenda kuwadhuru. Wanaume nao hushtakiwa uchawi, lakini hatujasikia hata siku moja mchawi aliyeruka juu ya toroli.

Picha hii imeua watu. Huko Shinyanga na Mwanza vikongwe wengi wamekatwa mapanga kwa kuwa macho yao ni mekundu. Wekundu huo mara nyingi huletwa na moshi wa kuni na wa samadi ya ng'ombe, kwa miaka mingi ya kuinama jikoni. Na mara nyingine waliopikiwa ndio walioshika panga.

Wala tusijifiche nyuma ya Kutoka 22:18. Uingereza, ambako Kanisa letu lilitoka, watu walinyongwa kwa sheria ya uchawi ya mwaka 1604, na aya hiyo ilikuwa midomoni mwa Wakristo. Bunge lao liliifuta sheria hiyo mwaka 1736.

Twaomba kila nyumba isome 1 Samweli 28 mpaka mwisho, maana wengi huishia katikati. Yule mama wa Endori hana ungo wala fagio, wala hatuambiwi kama ni kizee. Kazi yake ilikatazwa, na Maandiko hayaisifu. Lakini ni nani aliyetembea usiku ule, amebadili mavazi asijulikane? Ni mfalme Sauli. Naye alipoanguka chini kwa hofu, hajala mchana wala usiku, mama yule alimchinjia ndama wake aliyenona, akakanda unga, akaoka mkate, akamlisha mtu yule yule aliyewafukuza wenzake katika nchi. Kula kwa Sauli kabla ya vita kulitoka mkononi mwa huyo tunayemwita mchawi.

Katika mtaa wetu mmoja yuko bibi aliyeacha kuja Misa tangu mtoto wa jirani alipofariki kwa homa. Salamu zake haziitikiwi, na watoto wamekatazwa kunywa maji kwake. Hatutamtaja hapa, wanaomnong'ona wanamjua, na Padre pia amekwisha kuzungumza nao. Jumamosi hii, saa tisa alasiri, Umoja wa Akina Mama watakwenda kwake kupika na kula pamoja naye, na wazee wa kanisa wameahidi kuwamo, si kusimama mlangoni. Anayependa kufuatana nao alete mchele kidogo, hata usiochambuliwa. Tutaupepeta huko huko, ungo anao.