Mchirizi Unaomwangukia Jirani

Mhubiri, katika sura ya 10 na mstari wa 18, anataja paa linalonepa na nyumba inayovuja, na sababu anayoitoa ni uvivu. Mstari huo husikika sana kwetu mwezi wa Oktoba, watu wanapoanza kutazama mawingu. Wahubiri wengi huutumia kumwonya mwenye nyumba kwa faida yake mwenyewe: tengeneza paa lako usije ukalowa. Sisi tunaoishi kwenye miteremko ya Mbinga tuna sababu ya kuusoma kwa namna nyingine. Paa likivuja, anayelowa ni mwenye nyumba. Gata likinepa au likipasuka kwenye kiungo, mara nyingi anayelowa ni yule wa chini.

Kwa msomaji asiyefika huku, tueleze kidogo. Milima ya Umatengo ni mikali, na mtu akitaka kujenga huanza kwa kuchonga ubavu wa mlima mpaka apate uwanja. Jirani naye huchonga uwanja wake chini yako, hata ukisimama mlangoni pako unaliona bati lake karibu usawa wa miguu yako. Mvua zetu huanza Novemba na kuendelea mpaka Aprili, na miaka mingine mpaka Mei. Hesabu yake ni nyepesi. Milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Nyumba yenye paa la mita 10 kwa 8 ina mita za mraba 80. Ikinyesha milimita 30, paa hilo linamwaga lita 2,400, yaani mapipa 12 ya lita 200. Maji hayo yakielekezwa mahali pamoja na gata bovu, hayahitaji miaka mingi kuula ukuta wa tofali mbichi.

Wazee waliojenga kwa nyasi hawakusumbuka hivi. Nyasi hunywa maji kwanza, kisha huyaachia tone kwa tone kuizunguka nyumba nzima. Na shambani walikuwa na ngolo, ambazo watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa Kyoto, Japani, walikuja kuzichunguza katika miaka ya 1990. Wanaume walifyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatana, mfano wa nondo za dirisha. Wanawake wakachimba udongo wa katikati na kuzifunika, mteremko mzima ukajaa mashimo yaliyopangika. Maharage na mahindi huota juu ya matuta, maji hutuama shimoni na kuzama taratibu, na udongo wa shamba la juu haushuki kulifunika la chini. Tunasifu ngolo kwa kuhifadhi rutuba, na ni haki. Lakini ndani yake kuna adabu pia: mkulima wa juu huyazuia maji kwake yasimfikie wa chini kwa hasira. Kahawa ilipotupatia fedha tukanunua bati, na bati ni jambo jema, hatutamani kurudi kwenye nyasi na moto wake. Ila tulichukua paa jipya bila kulitafutia shimo lake.

Mtu akilalamikiwa, jibu la kwanza ni lile lile: mvua ni ya Mungu. Ni kweli. Bwana Yesu mwenyewe anatufundisha katika Mathayo 5:45 kwamba Baba huwanyeshea wenye haki na wasio haki. Lakini tuangalie vizuri alichotoa Mungu. Ametoa mvua iliyotawanyika, tone hapa na tone pale, juu ya uwanja wote. Aliyeikusanya kwenye mita za mraba 80 na kuitoa kwa upenyo mmoja ni mwenye bati. Mvua ni ya Mungu, mchirizi ni wa kwetu.

Torati inalijua jambo hili. Katika Kumbukumbu la Torati 22:8, mtu anayejenga nyumba mpya anaamriwa kuweka ukingo juu ya dari yake, ili asiiletee nyumba yake damu mtu akianguka. Mapaa ya Israeli yalikuwa bapa na watu walikaa juu yake jioni. Yetu yameinama na hakuna anayekaa huko isipokuwa njiwa. Hata hivyo, Mungu hakuona haya kuingilia habari za ujenzi. Anataja paa, na anayemfikiria ni mtu mwingine asiye mwenye nyumba. Vivyo hivyo Kutoka 21:33 na 34: aliyechimba shimo asilifunike, ng'ombe wa mtu akatumbukia, atalipa. Haulizwi kama alikuwa na chuki na yule ng'ombe.

Hapa ndipo penye ugumu wa swali letu. Makosa mengi humuuma mtendaji mapema au baadaye. Mlevi huumwa kichwa. Mwongo hunaswa na maneno yake. Lakini gata lililolegea linaweza kukaa misimu mitatu bila kumgusa mwenye nyumba hata kidogo. Sebuleni kwake kukavu. Usiku anaisikia mvua kama muziki. Kwa hiyo ukimuuliza kama ana jambo na jirani yake, atakujibu kwa moyo safi kwamba hana. Tunadhani dhambi za namna hii, ambazo uchungu wake unakaa kwa mtu mwingine, ndizo zinazotupita zaidi tunapoungama, kwa sababu tunatafuta mahali panapotuuma sisi.

Tunalijua shauri moja lililofika kwa wazee wa kanisa katika mtaa mmoja wa usharika, na tunalieleza bila kutaja watu. Baba mmoja mwenye nyumba nzuri ya juu alikuwa na gata lililoachana kwenye kiungo. Maji yakawa yanapiga jiko la mama mjane aliye chini. Mama akamweleza mara mbili. Mara ya pili aliambiwa kwamba mvua za mwaka huu ni nyingi kwa kila mtu, na kwamba anaombewa. Mwezi wa Machi ukuta wa jiko ukaanguka usiku. Kwa neema ya Mungu hakuumia mtu. Asubuhi yule baba akashuka na mfuko wa saruji, akaomba msamaha mbele ya watu, na hatuna sababu ya kusema machozi yake yalikuwa ya uongo. Mama aliupokea mfuko, akashukuru, kisha akauliza, "Na lile gata, baba?"

Baadhi ya waliokuwepo waliona mama amekosa adabu. Wakasema Mkristo husamehe bila masharti, na kwamba kutaja gata wakati ule ni kama kumdai mtu deni msibani. Wazee waligawanyika, nasi tungependa msomaji asiharakishe kuchagua upande. Kusamehe bila masharti ndiyo Injili tunayoihubiri, hatutaigeuza. Lakini mama hakukataa kusamehe. Aliuliza kama maji yatarudi Alhamisi. Kumtaka anyamaze kuhusu gata ni kumwomba kitu kingine tofauti na msamaha, yaani akubali kuumizwa tena na aliite jambo hilo upendo. Katika Mathayo 5:23 na 24 Bwana anamsimamisha mtu mbele ya madhabahu na sadaka mkononi, anamtuma akapatane kwanza na ndugu yake. Anayetumwa ni yule ambaye ndugu yake ana neno juu yake. Mwenye ukuta ulioanguka haambiwi apande mlima. Mwenye gata ndiye anayeambiwa ashuke, na katika shauri hili, akishashuka, apande tena na ngazi. Ndivyo wazee walivyoamua mwishowe: gata kwanza, ukuta baadaye. Kazi ya gata ilichukua nusu siku.

Nusu siku, kwa sababu kazi yenyewe ni ndogo kuliko aibu yake. Gata hunepa kwa sababu chache zinazojulikana. Majani ya mikaratusi na vumbi hutuama ndani, yakalowa, yakawa udongo. Tumeona majani yameota humo. Maji yakizuiwa huleta uzito. Gata lenye upana wa sentimita 10 na kina cha sentimita 10, kwa urefu wa mita 6, likijaa lina lita 60, na lita 60 ni kilo 60: ni kama mtu mzima aliyelala kwenye vishikizo vilivyowekwa kubeba maji yanayopita tu. Vishikizo vikiwa mbalimbali, au ubao wa pembeni mwa paa, ule mafundi wanaouita fishabodi, ukiwa umeoza, misumari hutoka. Na gata likishanepa hutengeneza bonde, bonde hukusanya maji zaidi, na mbu hupata mahali pa kuzaliana.

Tiba huanza kwa kusafisha. Kisha fundi huvuta kamba kutoka ncha hadi ncha, akashusha upande wa bomba kiasi cha sentimita 1 kwa kila mita 2 au 3; pimamaji husaidia, lakini hata kamba peke yake husema kweli. Ubao uliooza hubadilishwa, kwani kupigilia msumari mpya kwenye mbao iliyooza ni kazi bure. Vishikizo husogezwa karibu, visizidi kiasi cha sentimita 60 hadi 90. Kiungo kinachovuja hukwanguliwa kutu, hukaushwa, hukazwa kwa riveti na kuzibwa kwa silikoni upande wa ndani, maji yanakopita. Wengi hupaka nje kwa sababu ndiko kunakoonekana, na mwezi mmoja baadaye wanamlaumu muuza duka. Mwisho, ndoo ya maji humwagwa ncha ya juu, na watu husimama chini kutazama. Hatua hii watu huiruka. Tunashauri jirani wa chini aalikwe kuitazama.

Sasa, sisi ni Walutheri, na tunasikia pingamizi kutoka mbali. Je, mchungaji anahubiri wokovu kwa magata? La. Hakuna aliyehesabiwa haki kwa riveti. Mwaka 1520, katika kitabu chake juu ya uhuru wa Mkristo, Martin Luther alifundisha kwamba Mkristo huishi ndani ya Kristo kwa imani na ndani ya jirani yake kwa upendo. Matendo yetu hayapandi kwenda kumnunua Mungu. Yanashuka kwa jirani, anayeyahitaji. Miaka 9 baadaye, katika Katekisimu Ndogo tunayowafundisha watoto wa kipaimara, aliieleza amri ya saba kwa namna inayotushtua tukiisikiliza vizuri: haitoshi kutokumwibia jirani, bali tumsaidie kuitunza mali yake. Maji yanayobeba udongo wa msingi wa mtu kila Januari yanachukua mali yake, ingawa hakuna mkono ulioonekana ukichukua.

Tumrudie Mhubiri, maana hatukubaliani na kila anayemtumia. Uvivu upo, lakini si kila gata linalonepa ni la mvivu. Yupo bibi wa miaka 75 ambaye mwanawe alimwekea gata akarudi mjini, na ngazi hana. Yupo kijana ambaye bei ya kahawa ilimwangusha mwaka ule ule ubao ulipooza. Kuwasomea hao Mhubiri 10:18 ni ukatili. Kwao tusome Nehemia sura ya 3, orodha ndefu ya majina ambayo wasomaji wengi huiruka. Wako waliojenga ukuta mbele ya nyumba zao wenyewe. Lakini watu wa Tekoa, ambao wakubwa wao walikataa kutia shingo kazini, walimaliza sehemu yao wakaenda kujenga sehemu ya pili. Jumuiya yenye ngazi moja na vijana wawili inaweza kuwa Tekoa kwa mtaa mzima kwa Jumamosi chache za Oktoba. Gharama kubwa huwa ni mbao.

Na nyumba ya ibada je? Tumepita mahali ambapo ndani kuna kinanda kipya na spika kubwa, na nje gata linaning'inia kama mkono uliovunjika, maji yakikata njia ya watoto wa jirani asiye hata wa dhehebu letu. Mfuko wa majengo ulikuwepo. Ni kwamba hakuna anayepiga makofi gata linapotengenezwa.

Ukishuka kutoka Mbinga kuelekea ziwani, mpaka Mbamba Bay na Liuli, swali linabadilika sura. Ardhi ya ufukweni ni ya mchanga, na sehemu nyingi ni tambarare kuliko milimani. Huko mchirizi haumwangushii mtu ukuta upesi hivyo. Huko hasara ya gata bovu ni maji yaliyopotea, na anayeilipa ni mama au binti anayebeba ndoo kwenda ziwani wakati maji ya mvua yamemwagika mlangoni pake. Kanisa lenye paa la mita za mraba 200 hupokea lita 6,000 kwa mvua ile ile ya milimita 30. Mvua ya kwanza iachwe ipite ioshe vumbi na mavi ya ndege, na maji ya kunywa bado yachemshwe, lakini mengine yote ni baraka iliyokuja yenyewe mpaka juu ya madhabahu.

Basi sharika zinazotengeneza magata na kuweka tangi zinakutana na swali jingine, nalo hujadiliwa kwa sauti kuliko mafundisho mengi: bomba likae ndani ya uzio au nje? Wanaotaka kufuli wana sababu. Watoto huacha bomba wazi, na tangi la msimu huisha kwa wiki. Wanaotaka bomba la nje wanauliza paa la Bwana limemkingia nani maji. Hatuna jibu moja kwa kila mahali. Tunachojua ni kwamba baraza likilizungumza hilo Agosti au Septemba, ubao bado ni mkavu na mafundi hawajabanwa na kazi.