Ramadhani, siku ya 14: Unamdai jirani yako. Umpeleke mahakamani?



Swali la leo limeletwa baada ya tarawehe. Mtu ana duka dogo la pembejeo. Msimu uliopita alimkopesha jirani yake mifuko minne ya mbolea, miwili ya kupandia na miwili ya kukuzia, kwa ahadi ya kulipwa mavuno yakitoka. Mavuno yakatoka, yakauzwa, yakaisha. Sasa mahindi mengine yamesimama shambani na hela hakuna. Jirani akimuona anavuka barabara, anapita upande wa pili. Muulizaji anasema: nikifungua kesi Mahakama ya Mwanzo, nimeharibu funga yangu?

Jibu fupi: hapana. Kudai haki yako si dhambi, na mahakama si mahali pa haramu. Lakini jibu fupi halitoshi hapa, maana swali lenyewe limebeba mawili. Una haki ya kudai? Ndiyo. Je, huyu unayemdai ni mtu wa kudaiwa sasa hivi? Hilo ndilo gumu.

Tuanze na kisa kilichomo katika Sahih Bukhari. Ka'b bin Malik alimdai Ibn Abi Hadrad deni lake, tena ndani ya msikiti wa Mtume (s.a.w.). Sauti zikapanda mpaka Mtume akazisikia akiwa nyumbani kwake. Akatoka, akafunua pazia, akamwita Ka'b, akamwashiria kwa mkono apunguze nusu. Ka'b akakubali pale pale. Kisha Mtume akamgeukia mdaiwa, akamwambia ainuke akalipe.

Tukikisimulia kisa hiki tunapenda kuishia kwenye ile nusu iliyosamehewa. Tunasahau nusu ya pili, ambayo haikuachwa ining'inie. Hakuambiwa "ukipata". Mdai alilegeza, na mdaiwa akatakiwa asimame siku ile ile. Na angalieni pia kwamba Ka'b hakukaripiwa kwa kudai.

Surat al-Baqara, aya ya 280, inatuamuru tukimkuta mdaiwa yuko kwenye dhiki tumpe muda mpaka apate wepesi, na kumsamehe kabisa ni bora zaidi kwetu. Mafakihi wetu wa Kishafii wamelichukulia hili kwa uzito: dhiki yake ikishathibiti, kumwandama ni haramu. Si makuruhu, ni haramu. Ila neno ni "ikithibiti". Mwenye uwezo anayezungusha, Mtume amekiita kitendo chake dhuluma, na huyo kadhi anaweza hata kumfunga.

Kwa hiyo, ndugu yangu mwenye duka, kabla ya kwenda mahakamani una kazi moja: jua jirani yako ni yupi kati ya hao wawili. Mahindi yake yalikatwa na ukame? Aliuza gunia kwa bei ya kutupa mwezi wa sita kwa sababu mtoto alilazwa? Au ameezeka bati jipya na amenunua pikipiki? Wewe ni jirani, unajua. Na kama hujui, ulikuwa unamkopesha nani?

Sasa tuje kwenye sheria ya nchi, maana wengi tunaiogopa bila kuijua, na wengine wanaitumia vibaya. Deni si jinai. Kumpeleka mtu kituo cha polisi ili alale ndani mpaka ndugu zake wachange, huko si kudai, ni kutisha. Polisi ni kwa aliyekutapeli tangu mwanzo, si kwa aliyeshindwa kulipa. Mahali pa deni ni madai, na kwa deni la mbolea ni Mahakama ya Mwanzo, ambako shauri linasikilizwa kwa Kiswahili na mnaweza kupatana hata kabla ya hukumu.

Ukipata hukumu na hulipwi, inakuja kazi ya kukaza hukumu, yaani kukamata mali na kuinadi. Hata hapo, Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, inayotumika mahakama za juu ya hiyo ya Mwanzo, imeweka mpaka: nguo za kuvaa, vyombo vya kupikia, kitanda na matandiko, vifaa vya fundi na zana za mkulima havikamatwi. Yaani jembe la mtu haliguswi. Ni jambo la akili tu, ukichukua jembe, mwakani atakulipa kwa kucha?

Sheria hiyo hiyo inaruhusu mdaiwa kuwekwa gerezani kama mfungwa wa madai, isizidi miezi sita, na anayelipia chakula chake humo ni mdai mwenyewe. Akitoka, deni liko pale pale. Piga hesabu kwa hali ya hapa Ufipa. Mvua zinaanza Novemba, zinaisha Aprili. Mkulima akiingia gerezani Novemba, ametoka msimu umekwisha. Umemlisha miezi sita, na umehakikisha hana cha kukulipa. Ndiyo maana mahakama inaweza kukataa kumfunga mtu ambaye tatizo lake ni umaskini. Kifungo kile kimewekwa kwa anayeficha mali, na ukiangalia vizuri hapo sheria na fiqhi zinakaribiana sana.

Mambo haya si ya kwetu peke yetu. Illinois, Marekani, ilipokuwa bado nchi ya walowezi wapya, pesa taslimu ilikuwa adimu, watu waliishi kwa mkopo wakingoja mavuno, na mahakama za kaunti zilijaa kesi za hati za madeni. Kijana mmoja aliyeitwa Abraham Lincoln aliingia ubia wa duka katika kijiji cha New Salem. Duka likafa, mbia wake akafariki mwaka 1835, deni likambakia yeye. Mdai mmoja alipata hukumu, na farasi wa Lincoln pamoja na vifaa vyake vya kupimia ardhi vikakamatwa na kunadiwa. Vifaa hivyo ndivyo vilikuwa riziki yake. Jirani yake mkulima, James Short, akavinunua mnadani, akamrudishia. Lincoln aliendelea kulipa madeni yale kwa miaka mingi, na baadaye alipokuwa wakili, sehemu kubwa ya mafaili yake ilikuwa kesi za kudai madeni ya watu wengine! Mimi kinachonivutia ni yule jirani. Hakumtukana mdai wala hakuzuia mnada. Aliacha haki ichukue mkondo wake, kisha akaingia mfukoni.

Kuna watakaosema: basi serikali ipige marufuku kesi hizi, maskini wapumue. Lilijaribiwa. Mwaka 1923 Waingereza walitunga sheria Tanganyika ya kuzuia mikopo kwa wenyeji. Mfanyabiashara asiye mwenyeji akimkopesha Mwafrika, hakuweza kudai mahakamani ila mkopo uwe umeandikwa na kuidhinishwa na ofisa wa serikali. Ilisemwa ni kumlinda. Lakini mtu asiyeweza kushtakiwa ni mtu asiyekopesheka, na Mwafrika aliyetaka kufungua duka alijikuta hana wa kumwamini. Tukumbuke hilo tunapomwona mwenye duka la pembejeo kama adui. Akikosa hela yake mara tatu, mwaka wa nne hakopeshi mtu. Na atakayekosa mbolea siyo yule aliyemdhulumu, ni mjane wa nyumba ya tatu ambaye hajawahi kumdhulumu yeyote.

Mlango ukifungwa hapo, watu wanakwenda wapi? Kausha damu. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ipo tangu 2018, na Benki Kuu imeweka ukomo wa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wadogo. Kwetu sisi riba ni riba hata ikiwa nusu ya hiyo, lakini hawa hata huo ukomo hawaujui. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Mnajua wanavyodai: meseji kwa mama mkwe, meseji kwa bosi, picha yako kwenye magrupu. Huo si udai, ni kumvua mtu nguo.

Nirudi kwenye maandishi, maana mengi yangeishia huko. Aya ya 282 ya al-Baqara, ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inazungumzia kuandika deni. Na anayetamka maneno yaandikwe ni nani? Mdaiwa. Yeye ndiye anayesema nimechukua kiasi gani na nitalipa lini. Sisi leo tunafanya kinyume: karatasi inakuja imeshapigwa chapa, mdaiwa anabandika dole gumba bila kusoma. Au hatuandiki kabisa, eti "huyu ni ndugu". Mwenye duka wetu naye hakuandika. Basi aanzie hapo: amwite jirani, na mzee mmoja wa kushuhudia, jirani aseme kwa mdomo wake anadaiwa nini na atalipa vipi mahindi yakikauka. Akikataa hata hilo huku bati linang'aa, nenda mahakamani, bismillah, na funga yako iko salama.

Na wewe unayevuka barabara. Kuna watu wameacha kuja msikitini si kwa kupungua imani, wanamkwepa anayewadai aliyeko safu ya mbele. Jamani, njooni. Mtume alisita kumswalia maiti aliyekuwa na deni mpaka Abu Qatada alipolibeba. Usingoje mpaka wa kukubebea ni kwenye jeneza. Wenye madeni yaliyowashinda wametajwa katika Surat at-Tawba, aya ya 60, miongoni mwa makundi manane ya zaka, na zaka nyingi hutolewa mwezi huu. Mwenye hali hiyo amuone imamu faragha, aje na karatasi yake, au aje na huyo anayemdai.

Kesho in shaa Allah tutajibu swali la dada yetu kuhusu mahari iliyobaki deni miaka kumi na moja.