Deni la Jembe

Katika uwanda wa juu wa Ufipa, baina ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, mkulima wa jadi alijua namna ya kuzifanya nyasi kuwa chakula cha ardhi. Alizikusanya, akazifunika kwa udongo na kuzifanya matuta ya mviringo, yaitwayo ntumba. Zilipokwisha kuoza, tuta lilitawanywa na shamba likapandwa ulezi. Kazi hiyo ni nzito kwa mtu mmoja, na aghalabu majirani waliitana. Aliyeitwa hakuburutwa na askari, lakini alijua kwamba asipokwenda leo, kesho naye atalima peke yake. Aliyeita naye alijua kwamba haifai kuwarudisha wenziwe makwao na njaa. Sharti lilikuwapo, ila lilikuwa na pande mbili.

Katika uwanda huohuo dola nayo ilikuja kuita watu wake. Luwa, upande wa Sumbawanga, na Milundikwa, upande wa Nkasi, ni kambi za Jeshi la Kujenga Taifa. Milundikwa ina kisa chake: kambi ilipofungwa, majengo yakawa shule ya sekondari, na jeshi lilipoyataka tena, shule ndiyo iliyohama. Kisa hicho kinalirejesha swali la zamani: je, taifa lina haki gani ya kumwambia kijana aweke kando mambo yake, avae magwanda na kushika jembe na bunduki kwa ajili ya wote?

Neno “lazima” halikuanza na uhuru. Katika Vita Kuu ya 1914–1918, Wajerumani na Waingereza waliwakamata watu maelfu kwa maelfu kuwa wapagazi, na wengi hawakurudi. Ile ilikuwa lazima isiyo na deni: aliyeamuru hakujiona anadaiwa chochote na aliyebeba mzigo. JKT, iliyoanzishwa Julai 1963, ilikusudiwa kuwa kinyume cha hayo. Vijana waliingia kwa hiari, na baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari 1964, jeshi jipya lilijengwa kwa vijana waliokwisha kufunzwa uzalendo pamoja na kwata.

Mwaka 1966 Serikali iliamua kwamba wahitimu wa elimu ya juu watumikie kwa miaka miwili, na kwamba sehemu kubwa ya muda huo walipwe asilimia 40 tu ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba wanafunzi waliandamana Dar es Salaam, na baadhi yao walidiriki kusema kwamba enzi za mkoloni zilikuwa bora. Mwalimu Nyerere aliwafukuza 393, kisha akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Tendo hili la pili ndilo lililoipa amri yake uzito wa kimaadili. Hoja yake ilieleweka hata kwa aliyeichukia: msomi alikuwa mmoja kati ya maelfu, amesomeshwa kwa jasho la wakulima, na kazi nzuri ilikuwa ikimngoja. Alikuwa amekwisha kula, aliitwa kulima.

Utumishi huo wa lazima ulisitishwa mwaka 1994, ukarejeshwa mwaka 2013 kwa wahitimu wa kidato cha sita. Lakini deni halikubaki pale lilipoachwa. Mhitimu wa leo hangojwi na kazi. Naye kijana wa Ufipa ambaye masomo yake yalikoma darasa la saba, sheria haimwiti. Mlango wake ni wa kujitolea, na wengi huuingia wakitaraji kwamba mwisho wake ni ajira katika vyombo vya ulinzi. Aprili 2021 ilielezwa hadharani kwamba vijana 854 wa JKT walioandamana mkoani Dodoma wakidai kuajiriwa jeshini waliondolewa na kurudishwa makwao.

Makundi haya mawili yafaa yatazamwe pamoja. Wa 1966 walifukuzwa kwa sababu walikataa kuingia. Wa 2021 kwa sababu hawakukubali kutoka mikono mitupu. Wa kwanza waliona taifa linawadai kupita kiasi. Wa pili waliona wao ndio wanaolidai taifa. Nidhamu ya jeshi haiwezi kuvumilia maandamano, na hilo halina ubishi. Hata hivyo, adhabu hulimaliza kosa, hailimalizi swali.

Wapo watakaosema hiari yashinda utumwa, na kwamba yafaa kila mtu aachiwe uamuzi wake. Kauli hiyo ni nzuri, ila hiari ya mwenye njaa si hiari kamili. Pakiachwa hiari tupu, mtoto wa mwenye nafasi atabaki nyumbani na mtoto wa mkulima ndiye atakayejitolea. Kwa maana hiyo sharti la sheria laweza kuwa adilifu zaidi kuliko hiari, iwapo tu linawagusa wote bila ya kuchagua jina la baba. Kijana wa Tanga na wa Namanyere wakilala katika bweni moja na kula sufuria moja, hupata somo ambalo darasa haliwezi kulitoa.

Lakini sharti lisilo na mpaka huangamiza kile lilichokusudia kukijenga. Eritrea iliweka kwa sheria miezi 18 ya utumishi. Baada ya vita vilivyoanza mwaka 1998, miezi ikageuka miaka isiyo na hesabu, na vijana wengi wakaikimbia nchi yao. Hakuna kwata iwezayo kumfundisha mtu kuipenda nchi inayomla.

Kwa hiyo swali si kama kijana anadaiwa na taifa lake. Anadaiwa. Swali ni kama taifa nalo linakubali kuandikwa katika daftari hilohilo la wadaiwa: liseme mapema muda ni upi, kazi ni ipi, na baada yake kijana atapewa ujuzi gani au ardhi gani ya kuanzia maisha, wala lisiahidi ajira ambayo haipo. Mfipa hakufukia nyasi ili zipotee. Alizifukia akiwa anaujua msimu wa kuzifukua, na mbegu ya ulezi aliiweka tayari nyumbani.