Cheo na Mwenye Cheo

Ukipita sokoni Baraka, au ukipanda hadi Fizi mlimani, utasikia vyeo vingi: mwami, shefu, kapita, mheshimiwa. Wako watu ambao wasipoitwa kwa cheo chao hukasirika siku nzima. Kumheshimu mkubwa ni jambo jema. Lakini yatupasa kujiuliza: je, cheo ndicho kinachompa mtu ukubwa, au mtu ndiye anayekipa cheo ukubwa wake?

Tutazame kwanza nchi za mbali. Katika karne za kati, Waingereza na Waskoti walikuwa na vyeo vingi vya heshima, na vingi vyao vilizaliwa kazini. Bwana mkubwa aliitwa lord. Neno hilo katika lugha yao ya kale lilikuwa na maana ya mlinzi wa mkate. Mkewe aliitwa lady, maana yake mkandaji wa mkate. Basi bwana alikuwa ni yule aliyehakikisha kwamba watu wa nyumba yake wanakula. Huko Scotland ulikuwapo ukoo wa Stewart, maana yake msimamizi wa nyumba, kwa kuwa mababu zao walisimamia nyumba ya mfalme. Mwaka 1371 mmoja wao, Robert II, akawa mfalme mwenyewe. Jina la mtumishi likawa jina la wafalme!

Lakini baadaye cheo kilirithiwa kama shamba. Mtoto alizaliwa bwana kabla ya kumlisha mtu hata mmoja, na walinzi wa mkate wengi wakawa walaji tu. Si wote. Margareta, malkia wa Scotland aliyefariki mwaka 1093, aliwalisha yatima kwa mkono wake mwenyewe, kama alivyoandika padre aliyemjua. Mwaka 1250 Kanisa lilimtangaza Mtakatifu. Mabwana wangapi wa siku zake wanakumbukwa leo?

Sasa turudi nyumbani. Jirani zetu Warega, wa Mwenga na Shabunda, hawakuwa na mfalme mmoja juu ya wote. Walikuwa na bwami, chama chenye ngazi nyingi, na ngazi ya juu kabisa iliitwa kindi. Wabembe nao walikuwa na bwami yao. Kwa Warega, mtoto wa kindi hakuzaliwa kindi. Ilimbidi apande ngazi moja moja, akifundishwa kwa methali, kwa ngoma na kwa sanamu ndogo za mti na za pembe za ndovu. Mgomvi na mwenye hasira hakufaa. Tena hakupanda peke yake: mkewe alipanda pamoja naye.

Mtu atasema, "Lakini ilitakiwa mali nyingi; basi tajiri alinunua cheo." Ni kweli mali ilitakiwa. Lakini mali hiyo haikutoka katika nyumba moja. Ilichangwa na ndugu na wakwe. Nani atamchangia mtu mchoyo, asiyekaa vema na jamaa zake? Hivyo kila mchango ulikuwa kama ushuhuda juu ya tabia yake.

Serikali ya Wabelgiji ilifuata njia nyingine. Kwa amri ya mwaka 1933 ilipanga nchi kwa shefferi na sekta, na mashefu wakawa watu wa kukusanya kodi na kutafuta watu wa kazi. Mwaka 1948 ikapiga bwami marufuku. Wako mashefu waliokuwa watu wema, lakini cheo kilichoshuka kutoka juu kiliwafundisha watu kuogopa kofia bila kumtazama anayeivaa.

Hatari hiyo ingali nasi. Mzee akifariki kijijini, wanawe huweza kugombania fimbo yake kabla matanga hayajaisha, hata ndugu wa tumbo moja wasisalimiane tena. Kila mmoja hutaja haki yake ya kuzaliwa. Laiti wangeulizwa hivi: marehemu alimlisha nani? Alipatanisha nani? Mjane wa jirani alibisha mlango wa nani usiku? Anayeifanya kazi hiyo sasa, ameishika fimbo tayari, hata kama hakuna anayemwita shefu. Asiyeifanya, mpeni fimbo kumi: atabaki na kuni tu mkononi.